Daftari la Mgeni Faki

Limebaki moja. Arobaini na moja nimeshasahihisha,
kalamu nyekundu imeanza kukwaruza,
na umeme wa Wete umekatika tangu magharibi.
Naegemeza tochi ya simu kwenye kikombe, nafungua:
Mgeni Faki Chumu, Kidato cha Pili B,
insha ya Kiingereza, Siku Nisiyoisahau.

Mstari wa kwanza bibi yake ni mwanamke.
Wa pili kageuka mwanamume, pengine na ndevu,
wa nne karudi kuwa bibi, kajifunga kanga yake.
Nazungushia duara. Hi. Shi. Hi.
Nimesema darasani mpaka koo limekauka:
wenzetu hawana yeye. Kabla hujamtaja mtu
lazima kwanza umchungulie.
Darasa zima lilicheka. Mgeni hakucheka,
aliinama akaliandika na hilo.

Kisha dhe. Kaimwaga
kama chumvi ya mwali siku ya kwanza jikoni:
dhe Wete, dhe bibi, dhe Jumatatu,
na kwenye jua, ilipotakiwa, hamna.
Jua ni moja, niliwaambia, ndiyo maana lina dhe.
"Na Wete ziko ngapi, mwalimu?"
Hamad Asaa, dawati la nyuma.
Nikafuta ubao.

Kisu kakiandika kwa herufi zinazosikika tu.
Nimemrudishia ile ya mbele, isiyotamkwa,
inayokaa mlangoni mwa neno
kama mjomba aliyenuna: hasemi na mtu,
lakini arusi haifungwi bila yeye.

Bibi kaazima jamvi, anasema,
na kwa Kiingereza chake sijui jamvi limetoka ua gani.
Kwetu neno hilo moja huenda na kurudi,
kama jamvi lenyewe.

Mstari wa kumi na moja:
"Nikasikia harufu ya karafuu, nikajua mama karudi."
Kasikia. Kwa sikio. Kalamu imesimama.
Kanuni naijua, naifundisha mwaka wa tisa huu:
harufu ni ya pua.
Nje, uani kwa Bi Riziki, wanachambua gizani,
makonyo huku, karafuu kule, hawazungumzi,
na harufu inapita dirishani.
Naisikia.

Mstari wa kumi na mbili, mama alifika saa moja usiku.
Kaandika moja, tarakimu yetu, kwa lugha yao.

Nilikuwa darasa la sita
baba alipoletewa barua kutoka bandarini Mkoani,
kazi ya ukarani, njoo tukuone.
Watu walijaa barazani. Mimi ndiye niliyesoma,
nimesimama juu ya kigoda, sauti juu:
saa moja, baba. Wamesema saa moja.
Alilala na shati chini ya godoro ili linyooke.
Saa moja asubuhi alikuwa kwenye benchi lao,
mlango una kufuli.
Wakaja, wakafungua, wakampita, wakampita tena.
Saa tano aliinuka akarudi nyumbani.
"Wamenidharau," alisema, akavua shati, basi.
Wao walikuwa wakimngojea saa saba.

Nilikuja kulijua kosa miaka miwili baadaye,
mwalimu anachora saa mbili ubaoni,
yao na yetu, akrabu zimepeana mgongo.
Sikumwambia. Mpaka amekufa
alikuwa akivuka barabara
asipite mbele ya ofisi ile.

Hiyo moja ya Mgeni nimeikata.
Nimeikata mpaka karatasi imechanika,
nikaandika saba pembeni, kubwa,
nikapiga mstari chini, nikapiga wa pili.
Kesho nitambakisha baada ya kengele, nimchoree saa.

Duara nimeziacha. Kisu nimekiacha na mjomba wake.
Arobaini na nne kwa mia, nimeandika juu,
nikaongeza moja, sijui ya nini.

Mstari wa kumi na moja sijaugusa.
Mkaguzi akiuliza,
nitasema wino uliisha.